Maji ya Mtungi na Homa ya Newala

Lipo neno moja la Kimakonde ambalo leo linatamkwa na madaktari wa Brazili, India, Ufaransa na Marekani, ingawa wengi wao hawajui lilikozaliwa. Neno hilo ni chikungunya. Vitabu vingi vya kigeni vimeandika kwamba ni neno la Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili atajua mara moja kwamba sivyo. Ile "chi" ya mwanzo ni ya ndugu zetu wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambao pale tunaposema "ki" wao husema "chi", na lugha yao huiita Chimakonde. Neno lenyewe latokana na kitenzi kungunyala, maana yake kujikunja, kupindana, kama jani lililokauka juani. Aliyeugua alionekana akitembea ameinama, viungo vimemkaza, hawezi kunyooka. Ndipo watu wakauita ugonjwa kwa umbo la mgonjwa.

Mimi nimezaliwa Newala, miaka michache baada ya homa hiyo kupita. Kwa hiyo nilikua nikilisikia neno hili nyumbani kabla sijalisoma kitabuni. Katika insha hii nataka kusimulia habari za mtu mmoja aliyefika kwetu kulichunguza jambo hilo, Mskoti aliyeitwa William Hepburn Russell Lumsden. Nataka pia kupima ni nini alichotuachia, na ni nini ambacho sisi wenyewe tulimpa.

Kwanza, msomaji mpenzi, nikuonyeshe mahali. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye majabali makubwa ya mviringo. Ni mji uliopata jina katika historia tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoanzisha huko makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ukitoka Masasi kuelekea mashariki unaiona nyanda ya Wamakonde imesimama mbele yako kama ukuta. Newala imekaa juu, ukingoni kabisa. Mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Nchi hiyo ina mvua, ina udongo wa mchanga, ina mikorosho na mihogo. Lakini haina mito wala vijito juu yake. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani moja kwa moja, yakatokeza chini mabondeni kama chemchemi. Kwa hiyo tangu zamani maji ya Newala yaliteremkiwa kwa miguu na kupandishwa kwa kichwa. Mama yangu alikuwa akituambia kwamba wakati wa kiangazi wanawake waliondoka usiku ili wawahi zamu kisimani, wakarudi jua limeshapanda. Maji yaliyopatikana kwa jasho la namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa ndani ya mtungi, mtungi ukawekwa ndani ya nyumba, penye kivuli, na yakatumika kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Nakuomba uukumbuke mtungi huo, maana ndio kiini cha habari yote.

Mwaka 1952 homa ilizuka katika vijiji vya nyanda hiyo, ikaendelea hadi mwaka 1953. Ilimshika mtu ghafla, akiwa shambani au njiani. Joto la mwili lilipanda, viungo vikauma vibaya sana, na wengi walitokwa na vipele. Watu hawakufa kwa wingi, lakini kijiji kizima kiliweza kulala chini. Hata baada ya homa kwisha, wapo waliobaki na maumivu ya magoti, vifundo vya miguu na vidole kwa miezi. Kwa mkulima anayeshika jembe, na kwa mwanamke anayepanda mlima na maji kichwani, maumivu hayo si jambo dogo.

Matibabu ya hospitali hayakuwa mageni kusini. Huko Lulindi, kati ya Masasi na Newala, Daktari Leader Stirling alikuwa amefika mwaka 1935 na kufanya upasuaji katika majengo ya miti na nyasi. Ni Stirling huyo huyo ambaye miaka 40 baadaye, mwaka 1975, alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Lakini homa hii mpya haikufanana barabara na yale yaliyozoeleka. Daktari Marion Robinson ndiye aliyeziandika kwa makini dalili zake, jinsi inavyoanza, inavyokwenda na inavyomwacha mgonjwa. Naye Lumsden akaletwa kutoka Entebbe, Uganda, kuutafuta mwendo wake: inatoka wapi, inapitia wapi, inampata nani.

Lumsden alizaliwa mwaka 1914. Alisomea elimu ya wanyama na pia udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na nadhani kuchanganya elimu hizo mbili ndiko kulikomfaa kuliko kitu kingine. Daktari wa kawaida humtazama mgonjwa. Mtaalamu wa wadudu humtazama mdudu. Lumsden alizoea kuwatazama wote wawili pamoja na nyumba wanamokutana. Taasisi aliyofanyia kazi Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano, na mwaka 1950 ikawa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki. Ni huko virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947. Kule Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, watafiti wake walijenga majukwaa juu ya miti ya msituni, na vijana wa Uganda wakakaa juu yake mchana na usiku wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma. Kutokana na kazi hiyo Lumsden aliandika mwaka 1952 juu ya saa ambazo wadudu huuma zaidi huko kileleni, hasa wakati wa machweo.

Basi mtu aliyezoea kuuliza mbu huyu anauma saa ngapi na anaishi wapi, ndiye aliyefika Newala. Yeye na wenzake walikwenda vijijini, wakaingia majumbani. Wakakusanya damu za wagonjwa na wadudu waliomo nyumbani, mbu hata kunguni. Waliyemshuku zaidi ni mbu yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, Aedes aegypti, anayeuma mchana na anayependa kuzaa katika maji safi yaliyotulia karibu na watu. Maji ya namna hiyo juu ya nyanda ile yalikuwa wapi? Mtoni hayapo, maana mto haupo. Bwawani hayapo. Yalikuwa mtungini.

Hapa ndipo ninapojikuta nikifikiri mara kwa mara. Mama aliyelinda familia yake isife kiu ndiye aliyekuwa, bila kujua, akimfugia mbu. Hakuwa mchafu, wala hakuwa mvivu, kama wakuu wa nyakati zile walivyopenda kusema juu yetu. Alikuwa mwangalifu mno. Mayai ya mbu huyu hushika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yapande tena. Chombo kisichomwagwa kamwe, kinachoongezwa tu kila maji yanapopatikana, kwake ni nyumba ya peponi. Uhaba wa maji ukawa ndio uliomleta mbu wa majini.

Damu zilisafirishwa hadi Entebbe, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Huko mtaalamu wa virusi, R. W. Ross, aliwadunga vichanga vya panya, na mwaka 1953 virusi vikapatikana. Vilipatikana katika damu za watu na vilevile katika mbu waliokamatwa. Mwaka 1955 Robinson na Lumsden walichapisha taarifa zao mbili, na mwaka 1956 Ross akachapisha ya tatu. Walichofanya kuhusu jina kinastahili sifa. Wangeweza kuuita ugonjwa kwa jina la mmoja wao, kama ilivyokuwa desturi, au kuubandika jina la Kilatini. Walichukua jina walilolikuta midomoni mwa watu. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, homa nyingine ya jamaa yake ilizuka Uganda, nayo ikaingia vitabuni kwa jina la Kiacholi, o'nyong'nyong, yaani inayovunja viungo.

Tena hatuna hakika kwamba Newala ndiko ugonjwa ulikoanzia. Wazee wa pwani walikuwa na jina la kidinga popo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika habari za homa ya viungo iliyoenea kisiwani mwaka 1870, na wenyeji walimwambia kwamba iliwahi kuja kabla, mwaka 1823. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani hiyo ilikuwa ni dengue. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizisoma upya habari hizo, akaona kwamba maumivu ya viungo yasiyokwisha yanafanana zaidi na chikungunya. Ikiwa ni hivyo, Waswahili wa Unguja waliijua homa hii zaidi ya miaka 80 kabla ya hadubini ya Entebbe.

Lumsden hakukaa na chikungunya. Mwaka 1957 alipewa uongozi wa shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale na nagana, lililokuwa Tororo, Uganda, akalishika hadi mwaka 1963. Baadaye akawa profesa katika Chuo cha Afya na Tiba za Nchi za Joto cha London. Alifariki mwaka 2002. Katika miaka hiyo alionekana kuwa mtu wa mikono sawasawa na mtu wa kitabu. Mwaka 1958 alitangaza mtego wake wa wadudu. Mnyama mdogo huwekwa kama chambo, na feni huwavuta ndani wadudu wanaomjia, ili ijulikane ni mdudu gani anayemuuma mnyama gani. Yeye na mwenzake Hardy mwaka 1965 walitoa utaratibu wa kuvitaja vimelea vinavyohifadhiwa vikiwa hai kwa kugandishwa, ili mtafiti wa leo na wa miaka 20 ijayo wawe na hakika kwamba wanachunguza kimelea kile kile.

Lakini kifaa chake kilichosaidia watu wengi zaidi kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Shida ya malale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati ni kwamba vimelea ni vichache sana katika damu. Unaweza kumtazama mgonjwa mara kumi kwa hadubini usione kitu, na huku anakwisha. Ilikuwa imegunduliwa mwaka 1970, na Lanham na Godfrey, kwamba damu ikipitishwa katika unga fulani wa selulosi wenye chaji ya umeme, chembe za damu hunasa na vimelea vya malale hupita. Lumsden na wenzake waliifanya njia hiyo kuwa ndogo ya kubebeka. Damu hupita katika kijimrija chenye unga huo. Kinachotoka huzungushwa kwa mashine hadi vimelea vikusanyike kwenye ncha ya bomba la kioo. Ncha hiyo huwekwa moja kwa moja chini ya hadubini. Kwa njia hii vimelea vichache kuliko 100 katika mililita moja ya damu vyaweza kuonekana. Kifaa hicho kimeendelea kuboreshwa, na taasisi ya utafiti ya Kinshasa, INRB, imekuwa ikikitengeneza kwa ajili ya timu zinazozunguka vijijini Kongo. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wapya wa malale ya aina hiyo ulimwenguni hawajafika 1,000 kwa mwaka. Dawa mpya na mitego ya mbung'o vina sehemu kubwa katika ushindi huo, lakini mgonjwa asiyeonekana hapewi dawa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nimejiuliza, je, wenyeji tulipona?

Ugonjwa wenyewe ulitoka kwetu ukaenda kuuzunguka ulimwengu. Mwaka 2004 ulizuka Lamu. Mwaka huo ulikuwa wa ukame, na watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani bila kuyabadilisha mara kwa mara. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watu wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Ni habari ile ile ya Newala, ila mtungi umegeuka pipa. Kutoka hapo ulifika Mombasa, kisha Visiwa vya Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako zaidi ya watu 250,000 waliugua mwaka 2005 na 2006. Huko virusi vilibadilika kidogo, vikaweza kubebwa vizuri zaidi na mbu mwingine, Aedes albopictus, anayestahimili nchi za baridi. Mwaka 2006 ukaenea India kwa watu zaidi ya milioni moja, mwaka 2007 ukafika Italia, na Desemba 2013 ukaingia visiwa vya Karibi na kutoka huko bara lote la Amerika. Leo umekwisha kuonekana katika nchi zaidi ya 110.

Ulipofika kwa matajiri, fedha za utafiti zikapatikana. Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza, miaka 70 baada ya virusi kupatikana. Agosti 2025 nchi hiyo hiyo ikaisimamisha leseni ya chanjo hiyo kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya waliochanjwa, na nyingine iliyotengenezwa kwa njia tofauti imeidhinishwa mwaka huo huo wa 2025. Sisemi haya kwa kuwalaumu wenzetu. Kila mtu huzima moto unaounguza nyumba yake. Nasema tu kwamba homa ilipokuwa ya Wamakonde peke yao ilikaa kwenye makabati ya maktaba.

Na kwetu je? Miaka kadhaa iliyopita nilishikwa na homa na maumivu ya viungo, nikaenda kwenye zahanati moja. Nikaambiwa ni malaria bila hata kutobolewa kidole. Nikanywa dozi, maumivu yakabaki. Nikarudi, nikaambiwa tena malaria, nikapewa dozi nyingine. Ilikuwa ni homa gani, mpaka leo hakuna aliyeniambia. Wala sikuwa peke yangu. Watafiti waliowachunguza wagonjwa wa homa 870 waliolazwa hospitalini Moshi mwaka 2007 na 2008 walikuta kwamba zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria, lakini ambao kweli malaria ndiyo iliyowalaza hawakufika 2 katika kila 100. Na miongoni mwa wale waliopimwa chikungunya, wapo walioonekana kuwa nayo. Ugonjwa uliopewa jina nchini mwetu umeishi nchini mwetu chini ya jina la mwingine. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimeenea, na hilo ni jema. Lakini kipimo hicho kikisema hapana, mgonjwa wa kijijini mara nyingi hana pengine pa kuuliza.

Kuhusu maji, katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyapandisha maji juu ya nyanda kwa mashine, na baadaye, kuanzia miaka ya 1970, serikali ilisaidiwa na Finland katika maji ya Mtwara na Lindi. Chemchemi ya Mitema, karibu na Kitangari, imewanywesha watu wengi. Watu wenyewe nao wamejenga visima vya saruji vya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Hata hivyo mashine huharibika, mabomba huzeeka, na watu huongezeka. Nyumba yenye bomba linalotoa maji siku moja kwa juma bado ni nyumba yenye ndoo, mapipa na matangi. Ni mitungi kwa jina jingine.

Ndiyo maana naona kwamba fundisho kubwa la Lumsden kwetu halimo ndani ya chupa ya dawa. Limo katika namna yake ya kutazama. Hakuuliza tu mgonjwa ana nini. Aliuliza mgonjwa anaishije, anateka maji wapi, anayaweka ndani ya nini. Swali la namna hiyo halihitaji maabara ya Entebbe. Mwalimu aweza kuliuliza, mwenyekiti wa kijiji aweza kuliuliza, na jibu lake laweza kufanyiwa kazi leo: mtungi ufunikwe, pipa lisuguliwe ukutani kila juma ili mayai yatoke, bomba litengenezwe. Hili la mwisho ndilo kubwa, maana huwezi kumwambia mtu amwage maji ambayo hana mengine.

Halafu kuna deni. Jina la Lumsden limeandikwa, na lastahili kuandikwa. La Robinson na la Ross yameandikwa. Lakini wapo vijana waliokaa juu ya miti ya Bwamba wakiumwa na mbu ili elimu ipatikane, wapo watu wa Newala waliotoa mikono yao ichomwe sindano huku viungo vikiwaka moto, na yupo yule mtu wa kwanza, huenda bibi kizee mlangoni pake, aliyemtazama jirani anavyotembea akasema: huyu ana chikungunya. Hao hawana kaburi lenye maandishi wala ukurasa kitabuni. Neno lao ndilo lililobaki, na kila daktari anayelitamka, awe São Paulo au Delhi, anasema Kimakonde pasipo kujua. Ni wajibu wetu sisi tunaojua kuwaambia watoto wetu, ili wakilisikia redioni wasidhani ni jambo lililotoka ng'ambo.